Maabara mbili, sampuli moja, na DDT yenye namba mbili

Msomaji mmoja, mwanafunzi wa uhandisi wa mazingira aliye mwaka wa mwisho, ameuliza: "Mradi wangu unahusu mabwawa ya kusafisha majitaka. Maji yanayotoka bwawa la mwisho wakulima huyatumia kumwagilia mpunga na mchicha. Tulichuja sampuli kwa chujio la mikromita 0.45, tukagawa kwenye chupa na kupeleka maabara mbili. Karbamazepini imetoka karibu sawa kote. Kwa DDT, maabara ya pili imepata zaidi kidogo ya mara mbili ya ile ya kwanza. Kaboni ogania iliyoyeyuka ni miligramu 12 kwa lita. Msimamizi wangu anasema DDT imejishika kwenye mabaki ya ogania yaliyoyeyuka. Je, ni kweli? Na kama imejishika, si ina maana maji hayo ni salama zaidi kwa mkulima?"

Ndugu yangu, kabla hujaandika barua ya kuilalamikia maabara yoyote, tazama tena namba zako zilivyokaa. Karbamazepini, dawa ya kifafa, imekubaliana pande zote mbili. DDT, dawa ya kuua wadudu, imegongana. Kama tatizo lingekuwa uzembe wa mpimaji, chupa chafu au mashine isiyosawazishwa, ningetarajia vurugu isiyochagua. Hapa vurugu imechagua: imeipita kemikali inayovumilia maji na kuikamata ile inayoyakimbia. Msimamizi wako yuko kwenye njia sahihi. Sehemu ya pili ya swali lako, ile ya usalama, hapo ndipo tutakapobishana kidogo.

Tuanze na chujio. Mikromita 0.45 ni makubaliano ya watu wa maabara tu, maumbile hayakuweka mpaka hapo. Kinachopita huitwa kilichoyeyuka, kinachobaki juu huitwa chembe. Lakini virusi hupita, vipande vya kuta za bakteria waliokufa hupita, na minyororo mirefu ya protini na wanga hupita. Maji yanayong'aa kwenye chupa yako yamebeba miligramu 12 za kaboni ogania kwa lita, kiasi cha kawaida kabisa. Majitaka yaliyopitia hatua ya pili ya usafishaji mara nyingi huwa na kati ya 5 na 20. Hayo ndiyo mabaki ya ogania anayoyataja msimamizi wako. Sehemu yake ilikuja na maji ya bomba yenyewe tangu mtoni, yaani asidi za humiki na fulviki, zao la majani na udongo uliooza. Sehemu nyingine wameitoa bakteria wa mtambo walipokuwa wakila uchafu wetu: protini, sukari ndefu, masalia ya seli. Na kwa kuwa wewe una mabwawa ya wazi, ongeza ute wa mwani. Bwawa la kijani hutengeneza mabaki mapya mchana kutwa huku likiyala ya zamani.

Sasa DDT inaingia vipi humo? Molekuli za maji hushikana zenyewe kwa zenyewe kwa nguvu, na molekuli isiyo na chaji wala sehemu za kushikana nazo, kama DDT au pireni (hidrokaboni ya moshi yenye pete nne za kaboni), huwa mgeni asiyetakiwa. Ikikutana na kona yenye kaboni nyingi ndani ya molekuli kubwa ya humiki, hujibanza humo. Mara nyingi hakuna muungano wa kikemia wa kudumu. Ni kama abiria wa daladala: muda wote kuna wanaopanda na wanaoshuka, na ukihesabu waliomo ndani unapata idadi ileile ingawa watu si walewale. Shika hili la kupanda na kushuka, maana ndilo linaloeleza maabara zako mbili.

Nguvu ya kujishika hupimwa kwa mgawo: kiasi cha kemikali kilichoshikwa na kilo moja ya kaboni, kikigawanywa kwa kiasi kilichobaki huru katika lita moja ya maji. Ukiujua mgawo na ukaijua kaboni, hesabu iliyobaki ni ya sekondari. Zidisha mgawo kwa kaboni, jumlisha moja, kisha gawanya moja kwa jibu hilo: hiyo ndiyo sehemu iliyo huru. Miligramu zako 12 ni kilo 0.000012. Kwa DDT tuchukue mgawo wa laki moja, namba iliyo ndani ya masafa ya vipimo vya DDT na humiki tangu Carter na Suffet walipoipima mwaka 1982 kwa mifuko ya utando. Laki moja mara 0.000012 ni 1.2. Moja gawanya kwa 2.2 ni asilimia 45. Kwa maneno mengine, DDT yote iliyomo majini ni mara 2.2 ya ile iliyo huru. Ulisema tofauti ya maabara zako ni zaidi kidogo ya mara mbili. Sidai kwamba hilo limethibitisha kitu, kwa sababu mgawo nimeuchagua mimi, lakini linatosha kukufanya uache kumtafuta mwizi.

Fanya hesabu hiyohiyo kwa karbamazepini. Huko Marekani, Lawrence Burkhard alikusanya vipimo vingi vilivyochapishwa na mwaka 2000 akatoa kanuni ya haraka: mgawo wa mabaki yaliyoyeyuka ni takribani 0.08 ya mgawo wa kemikali kati ya oktanoli, alkoholi yenye tabia ya mafuta, na maji. Wa karbamazepini kati ya oktanoli na maji ni karibu 280, kwa hiyo unapata kama 22. Zidisha kwa kaboni yako: sehemu iliyoshikwa ni asilimia 0.03. Burkhard mwenyewe alionya kwamba kanuni yake inaweza kupotoka mara 20 juu au chini. Sawa, tuwe wakarimu, tuipandishe mara mia. Bado haifiki asilimia 3. Hakuna maabara itakayoona tofauti hiyo, na ndiyo maana karbamazepini yako imetulia.

Pireni ipo katikati. Mgawo wake wa oktanoli unakaribia laki moja, kanuni inatoa 8,000, na kwenye maji yako hiyo ni kama asilimia 9 tu iliyoshikwa. Wengi wanaposikia kwamba vichafuzi "hujishika" hudhani ni vyote na ni kabisa. Kwa kiwango cha kaboni kilicho kwenye majitaka yaliyosafishwa, dawa nyingi za binadamu hazishikwi kwa kiasi cha kukusumbua. Zinazoshikwa kwelikweli ni zile zinazoyakimbia maji sana: DDT, PCB (kemikali za mafuta ya transfoma za zamani), hidrokaboni zenye pete tano na zaidi.

Ila kuna zinazosaliti kanuni. Estrojeni, pamoja na ile ya vidonge vya uzazi wa mpango, hujishika kuliko mgawo wa oktanoli unavyotabiri, hasa kwenye mabaki yenye fenoli nyingi. Vipimo vingine vimefika makumi ya maelfu. Hapo anayevuta si woga wa maji peke yake, kuna pia vifungo vya hidrojeni na pete za kunukia, yaani pete bapa za kaboni kama za benzini, kulaliana. Siprofloksasini, antibiotiki, nayo ina mgawo wa oktanoli wa chini sana, ukiufuata utaandika sifuri. Lakini kwenye pH ya 7 molekuli yake ina chaji chanya upande mmoja na hasi upande mwingine, na mabaki yaliyoyeyuka yana chaji hasi, basi upande chanya hunasa. Kalisi ikiwa nyingi majini hugombania nafasi hizohizo. Tetrasaikilini, antibiotiki nyingine, hutumia mlango mwingine: hujifunga kupitia metali, kalisi au magnesi au shaba ikikaa katikati kama daraja. Diklofenaki, dawa ya maumivu yenye chaji hasi kwenye pH hiyo, husukumwa. Kwa hiyo kwa kemikali zenye chaji, usinukuu oktanoli. Taja pH na ugumu wa maji, la sivyo namba yako haina maana.

Jambo lingine ambalo wanafunzi wengi huliruka ni kwamba si kila kaboni hushika sawa. Gauthier na wenzake walionyesha mwaka 1987 kwamba mgawo wa pireni unaweza kutofautiana mara kumi kati ya humiki za asili mbalimbali, na kilichoeleza tofauti hiyo ni wingi wa pete za kunukia. Humiki ya mto Suwannee kule Georgia, ambayo dunia nzima huitumia kama kipimo cha kulinganishia, imejaa pete hizo. Mabaki ya majitaka, yenye protini na sukari nyingi za bakteria, yana chache. Njia rahisi ya kujua yako ni kupima ufyonzaji wa mwanga kwenye nanomita 254, kwa kila mita ya maji, na kugawanya kwa miligramu za kaboni kwa lita. Suwannee hupita 4. Majitaka yaliyosafishwa mara nyingi huwa karibu na 1 hadi 2. Kifaa cha kupimia ufyonzaji wa urujuanimno kipo karibu kila chuo. Kipimo hiki hakigharimu chochote na kinaongeza thamani ya ripoti kuliko kurasa tatu za utangulizi. Na tafadhali usinunue asidi ya humiki ya chupa ukaifanya mfano wa majitaka yako. Hizo hutoka kwenye makaa ya mawe machanga, hushika kwa nguvu kuliko mabaki ya maji halisi, na zimewapotosha wengi waliotangulia.

Turudi kwa maabara. Sijui walitumia njia gani, kwa hiyo waulize, lakini nitakuambia ninachodhani. Maabara ya kwanza, iliyopata kidogo, pengine ilipitisha maji kwenye katriji yenye silika iliyopakwa minyororo ya kaboni 18. DDT iliyo huru hunasa pale. Iliyobebwa na humiki haipati nafasi ya kunasa, kwa sababu humiki yenye chaji hasi hupenya katriji na kutoka na abiria wake upande wa pili. Hili si jipya: mwaka 1984 Landrum na wenzake waliigeuza kasoro hiyo kuwa kipimo, wakatumia katriji kutenganisha iliyo huru na iliyoshikwa. Maabara ya pili pengine ilitikisa maji pamoja na kiyeyushi. Kiyeyushi hunyonya iliyo huru, iliyoshikwa inashuka kujaza pengo, nayo inanyonywa, mpaka karibu yote imeisha. Mmoja amehesabu walioko kituoni, mwingine amesubiri hadi gari likawa tupu.

Watakujibu kwamba walitumia kipimo cha ndani, yaani kiasi kinachojulikana cha DDT yenye kaboni nzito kinachotiwa kwenye sampuli ili kuona kimepotea kiasi gani, na kwamba upotevu wowote umesahihishwa. Swali lako liwe: mliitia lini? Ikitiwa dakika chache kabla ya kupitisha maji kwenye katriji, huenda haijapata muda wa kujishika. Inanasa vizuri, inatoa urejeshaji mzuri kwenye karatasi, na haisemi lolote kuhusu DDT iliyokuwa humo tangu bwawani. Waombe waitie na kuiacha usiku kucha.

Unaweza pia kuwapima bila wao kubadili chochote. Chukua sampuli ileile, izimue nusu kwa nusu kwa maji yasiyo na kaboni, yenye pH na chumvi zinazofanana na za bwawa, kisha uache ikae. Kaboni ikishuka hadi 6, hesabu yetu inasema uwiano wa maabara mbili utashuka kutoka 2.2 hadi karibu 1.6. Ukishuka hivyo, msimamizi wako ana hoja. Ukibaki palepale, kosa liko kwenye maabara au kwenye chupa. Kuhusu chupa: DDT hupenda kuta za kioo na hupenda zaidi plastiki. Hupenda pia machujio ya utando, na kwa kuwa nyie mlichuja kwanza ndipo mkagawa, chujio haliwezi kueleza tofauti ya maabara zenu, ila linaweza kuwa limezipunguzia zote mbili. Chujio la nyuzi za kioo hula kidogo, hata kama matundu yake ni 0.7.

Ukitaka kupima mgawo wako mwenyewe, wengi watakushauri njia ya mng'ao: pireni hung'aa ikiwa huru na huzimika ikishikwa. Ni nzuri na ya haraka, lakini maji ya bwawa yana rangi, na rangi hiyo humeza mwanga unaoingia na unaotoka. Usiposahihisha, utaripoti kujishika ambako hakupo. Mfuko wa utando nao una shida yake kwa majitaka, maana mabaki mengi ni madogo na hupenya upande wa pili. Mimi ningetundika kipande cha silikoni ndani ya maji na kusubiri. Silikoni huchukua kemikali iliyo huru tu, na kwa kemikali kama DDT hii ndiyo njia ninayoiamini zaidi, ingawa inataka subira ya wiki kadhaa.

Haya, usalama. Kwa samaki aliye ndani ya bwawa hoja yako ina ukweli. Kinachopenya matamvua ni molekuli iliyo huru. Ikiwa ndani ya humiki, mzigo ni mkubwa mno kupita. Lakini mkulima wako hafugi samaki. Maji yanamwagika shambani, na hapo yaliyoshikwa hayabaki yameshikwa: udongo, bakteria na mizizi vinanyonya iliyo huru, na iliyoshikwa inashuka kujaza pengo, kama ilivyofanya kwenye kiyeyushi cha maabara ya pili. Zaidi ya hapo, mabaki yaliyoyeyuka yanaweza kuibeba DDT hadi chini kuliko ambavyo ingefika peke yake, kwa sababu iliyo huru ingekwama kwenye sentimita za juu za udongo. Kwa hiyo kujishika kumebadilisha njia ya DDT na kasi yake. Kiasi chake hakikupungua hata nanogramu moja.

Na kuna kitu kingine kwenye namba zako ambacho naona hukukipa uzito. Umeiogopa DDT kwa sababu ya jina lake. Kwa mchicha, ningeitazama karbamazepini. DDT ikifika shambani hunata kwenye udongo na kwenye ngozi ya mizizi, na kwa mimea mingi haipandi kwa wingi hadi majani. Karbamazepini haina chaji, inayeyuka kiasi, haishikwi na mabaki yako, basi inasafiri na maji hadi kwenye jani. Maji yakipotea hewani, yenyewe inabaki. Huko Israeli, nchi inayorudisha karibu asilimia 90 ya majitaka yake mashambani, watafiti walichapisha mwaka 2016 jaribio la watu waliokula mboga na matunda yaliyomwagiliwa majitaka yaliyosafishwa: karbamazepini ilipanda kwenye mkojo wao, na ilishuka walipohamia mazao ya maji safi. Viwango vilikuwa vidogo mno ukilinganisha na vya mgonjwa anayemeza vidonge, kwa hiyo sikutishi. Ninachosema ni kwamba kemikali isiyojishika ndiyo iliyofika mezani. Udongo wenye mboji nyingi hupunguza hilo, wa kichanga hauzuii.

Lakini kama una pesa ya kipimo kimoja tu cha ziada kwa ajili ya wakulima hao, usiitumie kwenye kemikali. Hesabu mayai ya minyoo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka yasizidi yai moja kwa lita ya maji ya kumwagilia, na mtu anayesimama peku kwenye jaruba la mpunga ataugua minyoo miaka mingi kabla DDT haijamfanya chochote.

Kuhusu mabwawa yenyewe, kuna faida moja ya kujishika ambayo huku kwenye jua la ikweta ingestahili mradi wa peke yake. Mabaki yaliyoyeyuka yakipigwa na jua huzalisha oksijeni kali ya muda mfupi, inayoitwa oksijeni ya singleti, inayoshambulia kemikali nyingine. Mwaka 2006 Latch na McNeill walionyesha kwenye jarida la Science kwamba kiwango chake ndani ya humiki ni kikubwa mno kuliko kwenye maji yanayoizunguka, kwa sababu hufa haraka kabla haijatoka nje. Kemikali iliyojibanza humo, ikiwa ni ya aina inayoathiriwa na oksijeni hiyo, huungua upesi kuliko iliyo huru. Upande mwingine wa shilingi, rangi ya mabaki hayohayo huzuia jua lisifike chini ya bwawa, kwa hiyo yote haya hutokea kwenye sentimita za juu. Mitambo inayosafisha majitaka kwa ozoni, gesi inayounguza kemikali, hukutana na mabaki haya pia: Uswisi, ambayo tangu mwaka 2016 sheria yake inataka mitambo teule iondoe asilimia 80 ya kemikali za mfano, karbamazepini ikiwemo, hupanga dozi ya ozoni kwa gramu ya kaboni iliyoyeyuka. Maji yakiwa na kaboni nyingi, ozoni nyingi huliwa na mabaki kabla ya kuifikia dawa.

Kwenye ripoti yako, basi, usiandike "DDT iliyoyeyuka" ukaishia hapo. Andika namba zote mbili, kila moja na njia yake: hii ni ya katriji, inakaribia iliyo huru, hii ni ya kiyeyushi, inakaribia jumla. Weka kaboni, pH, ufyonzaji wa nanomita 254, aina ya chujio, na saa ngapi zilipita kati ya kuchota na kupima, maana mwani huendelea kufanya kazi ndani ya chupa. Chupa za jaribio la kuzimua ziwe za kioo cha kahawia, zijazwe hadi juu, zikae kwenye barafu, na zifike maabara zote mbili siku moja. Waombe pia wasuuze chupa tupu kwa kiyeyushi na kukupa namba hiyo peke yake, kando na ya maji.